Ndege Iliyosimama Angani

Mama alikubali kwenda Hija kwa sharti moja tu, kwamba asipande ndege.

Mjomba wangu, kaka yake wa Gazi, ambaye ndiye angesafiri naye kama maharimu wake, yaani jamaa wa kiume wa kumsindikiza, alimweleza kwa upole kwamba siku hizi hakuna njia nyingine. Mama akasema zamani watu walikwenda kwa meli. Mjomba akasema zamani vilevile watu walifia njiani. Mama akasema angalau walikufa wakiwa wameshika kitu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, hapo kwetu Ukunda, Ramadhani imekwisha. Pasipoti ilikuwa imetoka, sindano amechomwa, nguo nyeupe zimeshonwa. Watu walikuwa wameanza kuja nyumbani kumuaga na kumpa majina ya wagonjwa wao akawaombee. Marehemu baba alikuwa ameinuia safari hiyo kwa ajili yao wawili, akatangulia mbele ya haki kabla haijatimia, na alipokuwa mahututi mama alimwahidi kwamba atakwenda. Kwa hiyo mji mzima ulijua kwamba mama anakwenda Makka, isipokuwa mama.

Mimi ndiye niliyepata fikra ya kanda ya video, na nilijisifu sana kwa fikra hiyo.

Nilikuwa na ofisi ya kupiga chapa katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Nilichapa kadi za harusi, barua za kuomba kazi hotelini, na malalamiko ya watu wa Msambweni kuhusu mipaka ya mashamba, ambayo kila mara yalianza kwa heshima na kuishia kwa matusi. Kompyuta nililetewa na kaka yangu aliyekuwa akifanya kazi Maskati. Ilikuja na mchezo wa kurusha ndege, ambao yeye aliupenda, na programu ya azana, ambayo mkewe aliipenda. Hiyo programu ilikaa kwenye pembe ya skrini, saa ndogo yenye kuba la kijani, na mara tano kwa siku iliadhini. Msikiti wenyewe uko nyuma ya nyumba yetu, ukirusha kandambili inagonga ukuta wake. Basi tukawa tunaitwa kuswali mara mbili, kwanza na muadhini, kisha na Maskati.

Niliona hivi: mama anaogopa asichokijua. Ule mchezo ulikuwa na kiwanja cha ndege cha Mombasa na cha Jeda pia. Ningeirusha ndege kutoka Mombasa, niipitishe juu ya bahari kidogo, niitue Jeda, na mama angeona kwa macho yake kwamba hakuna la kutisha. Kompyuta yenyewe hakutaka kuikaribia, alisema kile ni kiti cha kazi. Televisheni aliiamini. Kwa hiyo nikaunganisha waya kutoka kompyuta hadi kwenye deki ya video, nikatia kanda, nikarekodi.

Kuruka ni rahisi. Kutua ndiko kunakohitaji akili, na mimi sikuwa nazo siku zile. Ndege kadhaa niliziangusha karibu na Jeda, nikarekodi juu yake tena ili mama asije akaziona. Hatimaye nikapata moja iliyotua na magurudumu yote, nikamwita mama sebuleni. Mjomba alikuwapo, na majirani waliokuja kuaga walikuwapo pia, kwa sababu nyumba ya msafiri wa Hija haifungwi mlango.

Ndege ikaondoka vizuri. Ikapanda. Ikafika juu ya bahari, ikasimama.

Haikuanguka wala haikurudi nyuma. Ilisimama tu angani, imeganda, muda wa mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Kisha ikaruka mbele ghafla kama mbuzi aliyechapwa, ikaenda kidogo, ikasimama tena.

"Mbona yasimama?" mama akauliza.

"Ni picha tu, mama," nikasema. "Picha inakatika. Ndege yenyewe haisimami."

"Nami natazama nini, si hiyo picha?"

Mjomba akaingilia. "Dadangu, miye nimepanda ndege. Haisimami."

"Weye ulipanda ukalala," mama akamwambia. "Utajuaje ilisimama mara ngapi?"

Ni kweli mjomba alilala.

Uani kwetu kulikuwa na vyumba viwili vya kupangisha. Katika kimoja alikaa dada mmoja wa bara, Mkristo, wa rika langu, aliyefanya kazi ya kompyuta katika hoteli moja ya Diani. Ndiye mtu pekee niliyemjua aliyeweza kuifungua kompyuta kwa bisibisi na kuifunga tena bila kubakiwa na skrubu mkononi. Nilimwomba aje aangalie, akaja siku hiyo hiyo aliporudi kazini.

Jambo la kwanza, aliondoa kitambaa cha kufuma nilichoifunikia mashine. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, hata chupa ya chai ina chake. Akasema mashine nayo inataka kupumua. Nikarekodi upya, ndege ikasimama palepale.

Akakaa akiitazama ile taa ndogo nyekundu ya mbele. Kila ndege iliposimama, taa iliwaka.

"Hii mashine kuna kitu ingine inafanya," akasema.

"Kitu gani?"

Akaniomba maji ya kunywa. Niliporudi na gilasi, alikuwa amefunga kila alichokuwa amekifungua, na akasema pengine ni memori.

Nikaagiza memori kutoka Mombasa. Akaitia. Ndege ikasimama. Akasema tuipange diski upya, maana vitu vimetawanyika ndani yake. Kazi hiyo ilichukua mchana mzima huku visanduku vidogo vya rangi vikihama kwenye skrini, na mteja mmoja aliyekuja kuchapiwa wasia akakaa kuvitazama mpaka mwisho, akasema ametulia moyo. Ndege ikasimama. Akasema labda ni umeme, kwa kuwa friji la duka la jirani likiwaka taa zetu hufifia. Nikaenda kumwomba mwenye duka alizime kidogo. Alilizima kwa ajili ya Hija, soda zake zikapata moto, na ndege ikasimama.

Mwisho akasema tuipunguzie mashine kazi. Katika mchezo ule unaweza kuondoa vitu ambavyo si lazima. Tukaondoa mawingu. Tukaondoa miti. Tukaondoa majumba, tukaondoa vivuli, tukaondoa mawimbi baharini, tukabakiza ardhi ya kijani, maji ya buluu na kiwanja. Kusimama kukapungua kidogo, na mimi nikaona tumeshinda. Nikamwita mama.

Mama alitazama kwa makini ile dunia tupu.

"Watu wamekwenda wapi?" akauliza.

"Tumewaondoa ili ndege iende vizuri."

"Na miti?"

"Na miti."

"Hii ni Jeda," mama akasema, "au ni siku ya kiyama?"

Kisha ndege ikasimama.

Ukunda si mji wa kuficha jambo. Majirani waliokuja kuaga walitazama kanda, wakaenda nyumbani kwao, wakasimulia. Haukupita muda, mwanamke mmoja wa Kinondo, ambaye mumewe naye alikuwa msafiri, akaja kuuliza kama ni kweli ndege za mwaka huu zinasimama njiani. Mimi niliyetaka kumtoa mama mmoja hofu nilikuwa nimewatia hofu mahujaji wa wilaya nzima. Mjomba akaniambia niiache kabisa kompyuta hiyo, na kwamba dawa ya moto si moto kila mara. Nilimjibu vibaya, na yeye ni mjomba wangu.

Kisha mama akafanya lile nililokuwa nikiliogopa. Alitoa pasipoti yake sandukuni, akampa mjomba, akamwambia aende kwa watu wa safari akawaambie nafasi yake apewe mwengine. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anamrudishia sufuria. Mjomba akamwomba asubiri hadi Ijumaa. Mama akasema sawa, Ijumaa. Halafu akaingia chumbani, nikamsikia akilia, na akilia anazungumza na baba.

Sikuweza kuvumilia. Nilitoka uani kwa hasira. Dada wa bara alikuwa ameinama akifua nguo zake za kazi. Nami nina ulimi ambao mama alinionya juu yake tangu utotoni, haukumsikiliza yeye wala mimi.

"Wewe hujui kitu," nikamwambia. "Umekuja hapa siku zote hizi, memori, diski, friji la watu, na hujui kitu. Ungesema tu hujui."

Akakamua sketi yake taratibu, akaianika, akabana kibanio.

"Najua," akasema. "Nilijua tangu hiyo siku ya kwanza."

"Ulijua nini?"

"Ni ile saa. Ile ya azana. Inakula memori, na kila mara inaandika kwa diski. Ikiandika, gemu inangoja."

Nikamwangalia. Nikaingia ofisini, nikaenda kwenye ile pembe yenye kuba la kijani, nikaifunga. Sikuifuta, niliifunga tu, jambo lisilochukua muda hata wa kupiga chafya. Nikarudisha mawingu. Nikarudisha miti na majumba na mawimbi. Nikairusha ndege kutoka Mombasa, nayo ikaenda. Ikaenda moja kwa moja, laini, ikapita juu ya bahari yenye vivuli vya mawingu, na taa nyekundu haikuwaka hata mara moja. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kikiniadhinia.

Yeye alikuwa amesimama mlangoni, mikono bado ina povu.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

Alifikiri kabla ya kujibu. Alikuwa mtu wa kufikiri, si kama mimi.

"Ningekuambia aje?" akasema. "Mimi ni mtu wa bara, nakaa kwenu. Nikuambie toa azana kwa mashine ndio gemu ikimbie poa? Alafu neno litoke hapa liende huko nje? Mtu atasikia tu kwamba yule mtu wa bara ametoa azana kwa nyumba ya Waislamu. Hatasikia ile ingine ya memori."

"Mimi ningekasirika kwa jambo kama hilo?"

"Sijui," akasema. "Na wewe hujui."

Nilitaka kusema najua. Sikusema, kwa sababu palikuwa na jambo baina yetu ambalo hatukuwahi kulizungumza. Mwaka mmoja na kitu kabla ya hapo kulikuwa na fujo pwani yetu ya kusini. Karatasi zilitupwa usiku zikiwataka watu wa bara waondoke, watu wakauawa, nyumba zikachomwa. Yeye alikuwa mpangaji wetu tayari. Alifunga mizigo, akaenda Samburu, kwenye barabara ya Nairobi, kwa shangazi yake aliyekuwa akiwauzia chai madereva wa malori, akakaa huko miezi. Mambo yalipotulia alirudi na ufunguo uleule. Tulimkaribisha, tukamuuliza habari za safari, tukamwambia paa lake lililokuwa likivuja tumelitengeneza. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa amemwambia aondoke. Hakuna aliyekuwa amemwambia abaki, pia.

Nikarekodi kanda. Kesho yake alasiri nikaiweka sebuleni, mjomba akiwapo, majirani wakiwapo, na yule mwanamke wa Kinondo akiwa amekuja na dada zake. Ndege ikaondoka Mombasa, ikapanda, ikavuka, ikashuka, ikatua Jeda bila kusita. Mjomba akasema Allahu Akbar kwa sauti iliyowatisha watoto barazani. Mwanamke wa Kinondo akaomba irudiwe. Ikarudiwa.

Mama alitazama mara zote mbili. Wageni walipotoka ndipo akaniuliza, "Ilikuwa na nini?"

"Ile programu ya azana ilikuwa inaizuia, mama. Nimeifunga."

"Nani amegundua?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba aligundua tangu siku ya kwanza.

"Na kwa nini asiseme?"

Hapo nilitamani nidanganye. Lakini mama alikuwa amevaa miwani, na mama akivaa miwani hadanganyiki. Nikamweleza alivyosema, neno kwa neno. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaikunja, akaiweka mapajani. Mjomba, ambaye alikuwa ameshaitoa pasipoti mfukoni ili amrudishie, alibaki nayo mkononi.

"Ndege naipanda," mama akasema. "Lakini hivi siendi."

"Hivi vipi tena, dadangu?" mjomba akauliza, na nilimhurumia.

Mama akajitanda leso, akavaa viatu vyake vya kutokea, ingawa alikuwa anakwenda uani tu.

Kwetu anayekwenda Hija huzunguka kwanza akiomba radhi. Huanza na jamaa, kisha majirani, kisha waliowahi kugombana naye sokoni na kisimani, kwa sababu huwezi kwenda kumwomba Mungu msamaha huku umebeba haki ya mja wake. Maneno yenyewe ni ya desturi. Kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe. Nimekusamehe, nenda salama. Watu huyasema upesi upesi huku wakitoa biskuti. Mama alikuwa bado hajaanza mzunguko wake, na ilimpasa aanzie kwa mjomba, aliye mkubwa wake. Badala yake akavuka uani.

"Hodi," akasema.

Dada wa bara akatoka haraka, akijifuta mikono. "Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Akamletea kigoda. Mama akakaa. Mimi nilisimama karibu na kamba ya nguo, kanda bado mkononi, na sikujua niende wapi.

"Nakwenda Hija, inshallah," mama akasema. "Nimekuja kukuomba radhi. Kama nimekukosea, nisamehe."

"Haina shida, mama," akajibu, akacheka kidogo kwa adabu. "Hakuna kitu umenikosea."

"Shida ipo," mama akasema. "Nimekuja kwa sababu ipo."

Yule dada akaacha kucheka. Akaangalia chini, akaangalia mlango wa chumba chake, akaanza kuzipapasa mbao zake kwa kidole. Nilidhani hatajibu.

"Ile siku nilifunga mizigo," akasema hatimaye, "niliacha huu mlango wazi. Mchana yote. Vitu vilikuwa vichache tu, ningemaliza mara moja. Lakini nilikuwa natoa nguo kwa begi, narudisha, natoa. Nilikuwa nangoja mtu wa huku aje aniambie kaa."

Mama alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili.

"Mlango tuliuona," akasema. "Nilikuwa pale jikoni. Niliuona wazi tangu asubuhi, na nilijua kwa nini u wazi. Niliogopa watu, mwanangu. Nikaendelea kupepeta mchele."

Nilikumbuka kwamba mchele ule nami niliula, na uso ukanichoma kwa aibu.

"Nisamehe," mama akasema.

Kwa desturi jibu hutoka kabla hata swali halijakwisha, na mimi sikuwahi kumwona mtu akilingojea jibu hilo bila kujua kama atalipata. Mama alilingojea. Hakumhimiza, hakulia, hakuongeza neno. Kama angeambiwa hapana, pasipoti ingebaki kwa mjomba, nilijua hivyo na nadhani yule dada alijua pia.

Akachuchumaa mbele ya kigoda ili nyuso zao ziwe sawa.

"Nimekusamehe, mama," akasema. "Lakini ukirudi, mimi nikifunga mizigo tena, uje."